Mstari Usiotembea

Watu wakisikia kwamba nasoma nyota, swali la kwanza ni moja: nitawatabiria lini? Zamani niliwajibu kwa ukali kidogo, kwamba nyota ninayoisoma ni ile wanayoianikia nguo, na kwamba huisoma nikiwa kwenye chumba kisicho na dirisha hata moja. Siku hizi siwajibu kitu.

Kituo chetu kiko juu ya mlima. Ni mlima mzee uliowahi kutema moto, ila hiyo ni habari ya kabla ya babu wa babu wa mtu yeyote, na kwenye ramani umeandikwa kuwa umezimika. Kileleni pana mnara mweupe. Vioo vilivyo juu ya mnara hulifuata Jua kutwa nzima na kuushusha mwanga wake mpaka kwenye chumba chetu cha kazi, ambapo hupita kwenye upenyo mwembamba kama uzi na kuzama shimoni. Shimo limechimbwa kwenye mwamba wenyewe, refu, kama jengo la ghorofa lililopinduliwa kichwa chini. Kwenye sakafu yake pamelazwa kioo chenye michirizi midogo isiyohesabika. Mwanga ukikigonga hutawanyika rangi zote, ukarudi juu hadi kwenye kamera, na mimi nikauona kwenye skrini umetandazwa mrefu, mistari myeusi ikiukata hapa na pale.

Mistari hiyo ndiyo inayonilisha. Hakuna aliyewahi kuligusa Jua. Kwamba lina chuma, kwamba sehemu fulani ni ya moto zaidi na nyingine imepoa, kwamba linajizungusha, yote tumeyatoa kwenye mistari. Kila elementi hula sehemu yake ya mwanga na kuacha pengo lake, wala haikosei mahali. Kazi yangu ni madoa ya Jua, yale mabaka meusi yaliyopoa kuliko majirani zao. Ndani ya doa kuna sumaku kali kiasi kwamba mstari mmoja wa chuma hupasuka vipande, na nikipima vipande vimeachana kiasi gani napata nguvu ya sumaku hiyo. Tunafanya hivyo kwa mwanga ambao jicho halioni, ule wa joto, kwa sababu huko chuma hupasuka vizuri zaidi.

Shida ni kwamba mwanga kabla ya kunifikia hupita kwenye hewa yetu, na hewa nayo ina tumbo. Hula sehemu yake. Kwa hiyo mistari ya Jua na mistari ya hewa hunijia imechanganyika kama mchele na chuya. Namna ya kuitenganisha ni ya zamani na ni nzuri. Kwa kuwa Jua linajizungusha, ukingo wake mmoja unatujia na wa pili unatukimbia. Ukipima ukingo huu kisha ule, mistari ya Jua husogea kidogo, huku na huku. Ya hewa haisogei hata ukiitukana. Pale kituoni tulikuwa na msemo: mstari unaotembea ni wa Jua, usiotembea ni wetu. Na kilicho chetu kilikuwa takataka.

Kuondoa takataka hizo, Mkuu wa kituo aliandika programu tuliyoiita Fagio. Mkuu ni mtu mfupi, mwenye sauti ya watu watatu, na methali yake ni moja, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ambayo akiisema hucheka peke yake. Fagio lilifuta mistari ya hewa kabla sijafungua hata picha. Lilifuta kiasi kilekile kila siku, maana hewa ya mlimani haibadiliki sana. Hivyo miaka ilipita bila mtu yeyote kuiangalia mistari ile. Nani huchambua jaa kabla ya kulimwaga?

Sasa, aliyetunza vioo vyote hivyo alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Kituo kizima kilimwita Vumbi, kwa sababu vumbi lilikuwa adui yake namba moja. Aliweza kumfukuza Mkuu mwenyewe mnarani kwa kuingia na viatu. Mimi na yeye tulikuwa hatuzungumzi dakika mbili bila kutaniana. Aliniambia kazi yangu ni kuliangalia Jua kwa mshahara, kitu ambacho mjusi anakifanya bure. Nami nilimwambia msomi mzima ameishia kufuta vioo, afadhali angefuta magari barabarani. Mdogo wangu, ambaye ni muuguzi wa kituo na ana chumba chake cha huduma ya kwanza nyuma ya jiko, alikuwa akitusikiliza na kusema sisi wawili ndio tuliopaswa kuoana, yeye aliingizwa tu.

Basi, kulikuwa na tetemeko. Dogo, la kugonganisha vikombe, tukacheka, tukaendelea na chai. Baada ya hapo, pole pole, Fagio likaanza kuacha mabaki. Pembeni mwa mstari wangu wa chuma kikatokea kivuli chembamba ambacho hakikufutika. Nilidhani kamera imezeeka. Wiki zilivyopita kivuli kikakolea, kikawa mstari kamili, na ndugu zake wengine wakatokea kwenye safu, wamepangana vizuri. Mpangilio ule ukimwonyesha mtu yeyote wa kazi yetu atakwambia bila kufikiri: hewa ukaa, ile tunayoitoa puani.

Mkuu alipouona alivimba kichwa papo hapo.

"Kwenye doa la Jua!" alisema. "Unaelewa maana yake? Doa limepoa. Mvuke wa maji umeshaonekana kwenye madoa. Kwa nini isiwe hewa ukaa? Hakuna aliyewahi kuiona huko. Hakuna!"

"Au ni ya kwetu," nikasema. "Fagio limeacha uchafu."

"Fagio haliachi uchafu." Aliliongelea kama mtu aliyeambiwa mwanawe mwizi. "Lakini najua watakavyosema wenye wivu. Watasema kioo kichafu. Basi kioo kisafishwe kwanza, tupige picha safi, halafu tuone nani atacheka. Mwambie Vumbi afungue shimo."

Shimo halifunguliwi ovyo. Hewa ndani yake inatakiwa itulie kabisa, isitikisike, la sivyo picha hucheza. Kwa hiyo kifuniko chake cha chuma kimebanwa kwa mpira pande zote, na anayeshuka ni fundi wa vioo tu, tena kwa nadra. Toka lile tetemeko hakuna aliyekuwa ameshuka.

Jioni ile shemeji alifungua kifuniko ili, kama alivyosema, shimo lipige mwayo. Kifuniko kiko kwenye chumba kidogo nyuma ya chumba changu cha kazi. Nilimkuta amepiga magoti ukingoni, anachungulia. Pembeni yake palikuwa na mijusi miwili iliyokufa, aliyoiokota kwenye vidato vya ngazi.

"Shemeji, hata mijusi imelichoka Jua lenu," akasema. Kisha akajishika pua. "Hebu nusa. Shimo lenu limekunywa soda."

Niliinama. Ni kweli kulikuwa na kitu, si harufu hasa, ni ule mchomo wa puani unaokupata ukicheua soda. Nikasema labda ni ule mpira wa kifuniko umeoza. Yeye akasema labda ni Mkuu amepita. Tukacheka. Alilaza kifuniko, bila kukibana, akaenda nyumbani kwa mkewe.

Kilichoniudhi mimi usiku ule haikuwa mijusi. Ilikuwa sauti ya Mkuu. Mtu anatangaza ugunduzi bila kupima kingo? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angefukuzwa kwa hilo. Asubuhi, Jua lilipopanda vya kutosha, nikaamua kupima mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa.

Shemeji alikuwa tayari, na pamba yake, na maji yake yaliyochujwa, na mpira wake wa kupulizia. Pamoja naye alikuwa mlinzi wa geti, ambaye humpokelea vifaa. Kamba hakuna. Watu wameniuliza sana kuhusu kamba. Kamba hudondosha nyuzi, na uzi mmoja ukilala juu ya michirizi ya kioo kile huwezi kuuondoa bila kukikwaruza. Ndivyo mafundi wa vioo wanavyofundishana, na kila fundi niliyemjua alishuka hivyo.

"Shemeji, nipishe," akasema. "Jua halitakimbia."

"Subiri kwanza. Huenda hata haina haja ya kushuka."

"Mambo ya kitaalamu hayo. Nakaa hapa na mzee, mkimaliza kugombana mtaniita."

Nilizima Fagio. Nikaelekeza vioo ukingo wa kwanza wa Jua, nikapima. Nikaelekeza ukingo wa pili, nikapima. Nikalaza picha mbili moja juu ya nyingine. Mstari wa chuma ulikuwa umesogea, kama ulivyotakiwa. Mistari ya hewa ukaa ilikuwa imelala palepale, haikutikisika hata unywele, na ilikuwepo kingoni ambako hakukuwa na doa lolote. Si ya Jua. Ni yetu. Lazima niseme nilivyojisikia: nilifurahi. Nilipiga kofi mezani peke yangu, nikachukua zile picha na kupanda ngazi kwenda kwa Mkuu, na njiani nilikuwa naandaa maneno.

Nilimwambia yote. Nikamalizia kwa kikulacho ki nguoni mwako, ambayo sikupaswa kuisema. Mkuu aliziangalia picha muda mrefu. Masikio yake yakabadilika rangi.

"Basi ni hewa," akasema mwishowe. "Vizuri. Ni takataka. Nitalirekebisha Fagio lifute zaidi."

"Kwa hiyo kioo hakina haja ya kusafishwa."

"Kioo kitasafishwa."

"Kwa nini? Kioo hakina kosa."

"Kwa sababu nilisema kitasafishwa!" Na kwa sauti ile ya watu watatu akaita kupitia mlango, chini ya ngazi: "Vumbi! Shuka, fanya kazi yako!"

Kutoka chini shemeji akaitikia, "Haya, Mkuu," kwa ile sauti ya utii uliozidi aliyokuwa akiitumia ili nicheke. Sikucheka. Nilikuwa na hasira, tukaendelea kubishana, kuhusu Fagio, kuhusu nani huwa anasikilizwa kituoni na nani hasikilizwi. Hayo yote nilikuwa nimeyabana moyoni kwa muda, na siku hiyo yalitoka. Nilipochoka nikashuka.

Chumba cha kazi kilikuwa kitupu. Shemeji alikuwa amewasha taa ya majaribio, kama afanyavyo siku zote. Ni taa iliyofungwa juu ya upenyo, ambayo huteremsha mwanga wake shimoni mahali pa ule wa Jua ili yeye aone vumbi likimetameta kwenye kioo. Nilikaa kwenye kiti changu kununa. Skrini ilikuwa wazi mbele yangu, na kamera ilikuwa inasoma.

Mwanga wa taa ni mwanga mtupu. Haujatoka kwenye Jua, haujapita angani. Unatoka kwenye balbu, unashuka shimoni, unapanda, basi. Kwenye skrini unatakiwa kuwa utepe laini usio na mstari hata mmoja, na ndiyo maana tunautumia.

Mistari ya hewa ukaa ilikuwa pale. Yote, kwenye safu yake, myeusi tii.

Nilitazama kwanza kwa akili ya kazini. Nikajiuliza kama Mkuu alikuwa ameacha dirisha fulani la programu wazi. Kisha nikafuata njia ya mwanga kichwani, kama tunavyofundishwa. Si kwenye Jua, kwa sababu mstari hautembei. Si angani, kwa sababu mwanga wa taa haukupita angani. Kati ya balbu na kamera kuna kitu kimoja tu. Na ili hewa ukaa ya shimo moja ikate mwanga sawa na hewa ya anga nzima, lazima iwe imejaa humo kama maji kwenye ndoo. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Ikipata ufa kwenye mwamba, inashuka, inatulia, na haina rangi.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeinuka kwenye kiti. Ule utepe wa mwanga ukafifia. Haukuzimika, ulipungua karibu nusu, ghafla, kwa sababu kuna kitu kilikuwa kimeangukia kwenye njia yake.

Nilikimbia. Mlinzi alikuwa anaita, "Vumbi! We Vumbi!" na mguu wake mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. Nilimkamata ukosi wa shati kwa mikono miwili, nikamvuta mpaka tukaanguka wote chali.

"Kaanguka!" akapiga kelele. "Niache, mama, kaanguka!"

"Ukishuka mtakuwa wawili."

"Yule ni mtoto wangu yule!"

Hakuwa mwanawe, ila ndivyo alivyomwita. Nikamwambia humo hamna pumzi, kuna hewa ya mlima, anayeshuka hapandi. Nilikuwa nimemkalia kifuani. Nikachungulia na tochi yake. Shemeji alikuwa chini kabisa, amelala ubavu, bega lake liko juu ya kioo na kiganja kitupu kimekandamiza michirizi. Hakuwahi kukigusa kioo kile kwa mkono maisha yake yote.

Mkuu alitokea mlangoni, ameshika miwani mkononi. Alichungulia, akaanza kuvua koti. Nilimwambia maneno mawili matatu tu, taa, mistari, shimo. Naye ni mtu wa kazi hii; hakuhitaji zaidi.

"Ni ile?" akaniuliza.

"Ndiyo ile."

Mkuu alilitupa koti chini. Kisha akakimbia, mtu wa umri wake, na kurudi akiburuta feni kubwa ya kupoozea mnara pamoja na lile bomba lake la turubai. Tulilishusha bomba shimoni mpaka likagusa chini, tukaiwasha feni, hewa ya nje ikaanza kusukumwa humo. Mkuu alikuwa analia waziwazi akifunga bomba kwa waya, na waya ulimkata vidole.

Mdogo wangu alikuja na mtungi wa oksijeni begani. Sijui nani alimwita. Hakupiga kelele. Aliangalia shimoni mara moja, akaanza kuivaa barakoa ya wagonjwa, ile ya plastiki yenye mianya pembeni.

"Hiyo haizuii," nikamwambia. "Hewa itaingia pembeni. Unajua."

"Najua. Niache."

"Hutafika chini."

"Dada, mume wangu yuko chini."

Nilimwambia mlinzi amshike. Alimshika, naye akamkwaruza uso, mzee wa watu akavumilia, anasema tu, "Pole mwanangu, pole mwanangu." Nikamwambia mdogo wangu kwamba hewa inatolewa, kwamba hatuna kipimo kingine isipokuwa skrini yangu, kwamba mstari ukipungua ndipo mtu atashuka na kamba, na kwamba mimi ndiye ninayeweza kuuona. Nikamwomba aje akae nami. Alinifuata. Nadhani alinifuata kwa sababu mimi ndiye niliyemlea.

Nilikaa. Yeye akasimama nyuma yangu, ameshika mgongo wa kiti. Taa ilikuwa bado inawaka, nayo mistari ilikuwa bado imekaza. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nilikuwa siangalii Jua wala chuma wala sumaku. Nilikuwa naangalia hewa.

"Sasa?" akauliza.

"Bado."

Feni ilikuwa inanguruma chumba cha nyuma. Mstari ulikonda kidogo sana. Mlinzi alikuwa ameshajifunga kamba kiunoni, amesimama ukingoni, ananisubiri niseme neno.

"Sasa?"

"Bado."

Kuna kitu kingine nilikuwa nakiona, ambacho nilitumaini yeye hakioni. Ule mwanga uliopungua nusu haukuwa umerudi. Bega la shemeji lilikuwa bado kwenye njia yake. Mtu anayepumua, hata kwa shida, bega lake huinuka na kushuka, na mwanga ungecheza nalo. Kamera yangu inaona mtikisiko mdogo kuliko huo. Chini ya skrini kuna mchoro wa wingi wa mwanga, na ulikuwa umenyooka kama umepigwa na rula. Niliufunika kwa kiganja, kana kwamba naegemea.

"Sasa, dada?"

"Bado kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Mimi ni muuguzi. Najua mtu anakaa muda gani."

"Bado, mdogo wangu."

Kisha akanyoosha mkono, akautoa mkono wangu pale kwenye skrini, taratibu, kama anavyowatoa wagonjwa mikono kwenye vidonda vyao.

"Hii nusu iliyofifia ni nini?"

Sikuwahi kumdanganya, na siku hiyo sikuweza kuanza.

"Ni yeye."

Akaitazama. Aliitazama muda mrefu, ule mchoro ulionyooka, naye amezoea kusoma michoro ya mapigo ya moyo. Hakuniuliza tena sasa. Kutoka chumba cha nyuma Mkuu ndiye aliyekuwa akiita, "Tayari? Tayari?" na mimi nikajibu bado, na bado, na kila bado niliyosema ilikuwa kweli, na ningetoa macho yangu yote mawili mojawapo iwe uongo.

Mstari ulipobaki uzi mwembamba nikapiga kelele, "Sasa!" Mlinzi akashuka. Tukawavuta. Mdogo wangu alimlaza mumewe sakafuni na kuanza kumkandamiza kifua, akihesabu kwa sauti ya kawaida ya kazini, na akaendelea hata alipojua, hata sisi sote tulipojua, mpaka mlinzi akapiga magoti na kumshika mikono.

Mlima umepimwa baada ya hapo. Kuna ufa chini ya kioo, mpya. Shimo limefungwa, na mnara umefungwa, na Mkuu ameacha kazi. Alikuja kunisalimu kabla ya kuondoka. Alisema alikuwa anataka dunia imsikie. Nilimpa kiti, nikampa maji. Hasira yangu ilikuwa imeniishia kwenye siku ile, kwa matumizi mabaya.

Mdogo wangu yuko kwangu sasa. Hanilaumu. Ningependa anilaumu, ningejua pa kushika. Anapika, anafua, anaongea na majirani. Juzi mchana tulikuwa tunakunja nguo za marehemu, tukitenga za kugawa, na katikati ya shati moja akasimamisha mikono.

"Dada, ule mstari uliokuwa unauangalia siku ile. Ulianza kuonekana lini?"

"Baada ya tetemeko."

"Ulikuwa unaonekana kila siku?"

"Kila siku iliyokuwa na jua."

"Na unakolea?"

"Unakolea."

Alilikunja shati, akalilaza juu ya mengine, akalipiga pasi kwa kiganja.

"Sasa ninyi mlikuwa mnaufanya nini?"

"Tulikuwa tunaufuta."

Akaniangalia, si kwa ubaya. Aliniangalia kama alivyokuwa akiniangalia utotoni, akitaka kuelezwa kitu ambacho anaamini dada yake anakijua.

"Kwa nini?"

Nilitafuta jibu jingine. Nilitafuta kwenye kila kitu nilichosoma. Halikuwepo.

"Kwa sababu haukuwa wa Jua," nikamwambia.